Mrejesho: rangi ya maji iliyobaki kwenye ndoo

Niliuliza namna ya kutunza lita 3 za rangi ya maji zilizobaki kwenye ndoo ya lita 20. Ushauri wenu wa kuihamishia kwenye kopo dogo umefanya kazi, ahsanteni sana. Adui ni hewa: nafasi kubwa juu ya rangi ndiyo inayoleta utando. Kopo lijae hadi karibu na mdomo, na ukingo ufutwe kabisa; rangi ikikaukia pale, mfuniko haukai sawasawa. Tandaza nailoni juu ya mdomo wa kopo, funika, kisha gonga mfuniko kwa nyundo ya mpira, ukizunguka pembeni. Utando ukitokea uopoe mzima, usiukoroge, halafu chuja kwa soksi nyembamba ya nailoni. Ikinuka kama yai viza, imeoza, usiipake.