Mdogo wangu kasema "nilichukua, lakini nilipewa". Hakimu kaiacha "lakini" na kumfunga miezi sita

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki tatu nimejizuia kuandika, nilitaka hasira zishuke kwanza. Hazijashuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mdogo wangu, kijana wa miaka 22, yuko Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu ya Zanzibar, anatumikia kifungo cha miezi sita kwa wizi wa polo (gunia) moja la karafuu kavu. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama. Kesi imeanza na kwisha asubuhi moja, kwenye mahakama moja hapa Pemba, na mimi kaka yake nilikuwepo.

Kisa chenyewe ni hiki. Msimu huu alikuwa akichuma kwenye shamba la mtu. Kwa wasioyajua mambo ya karafuu, mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma. Kutwa uko juu ya mkarafuu, usiku mnakaa chini kuchambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake), kisha zinapimwa na mwenye shamba anaandika kwenye daftari lake. Kachuma wiki tano, kalipwa mbili. Kila akidai anaambiwa asubiri karafuu ziuzwe. Siku hiyo mtoto wa mwenye shamba, ambaye ndiye msimamizi wa majamvi ya kuanikia, akamwambia achukue polo lile akaliuze, akate haki yake, kitakachobaki amletee. Kalichukua mchana kweupe, kalipakia kwenye gari ya abiria watu wanamtazama. Hata kituo cha kununulia karafuu hakufika, akakamatwa. Mwizi gani huyo anayepanda gari ya abiria na mali ya wizi saa saba mchana?

Alilala rumande siku tisa kwa kukosa wadhamini. Asubuhi ya kupandishwa mahakamani, pale kwenye benchi la nje, askari mmoja akamnong'oneza: "Wewe kubali tu, utapigwa faini urudi kwenu, ukikataa utakwenda na kurudi hapa mpaka msimu ujao." Kijana hajawahi kukanyaga mahakamani maishani mwake, hana wakili, na siku tisa hajaoga vizuri. Unadhani ushauri huo utauona mbaya?

Shitaka likasomwa. Hakimu akauliza kweli si kweli. Mdogo wangu akajibu, na nimemsikia kwa masikio yangu: "Ni kweli nililichukua, lakini nilipewa, na mie nadai pesa zangu." Hakimu akainama akaandika. Mimi nikatoka kumnunulia maji, nikijua kinachofuata ni kupangwa tarehe ya mashahidi. Nimerudi na chupa mkononi, namkuta kashahukumiwa.

Siku nne baadaye nilikwenda kuomba kuliona jalada. Karani, mama mmoja mwenye huruma, akanifungulia pale juu ya kaunta na kuniwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Jibu la mshtakiwa limeandikwa kwa Kiingereza, maneno matatu tu, tafsiri yake "ni kweli". Nikamuuliza mengine yako wapi. Akageuza ukurasa, akaurudisha, akanitazama. "Lakini" haimo. "Nilipewa" haimo. "Nadai pesa zangu" haimo. Mtu kasema kwa Kiswahili mbele ya Mswahili mwenzake, na alichosema kikafia njiani kabla ya kufika kwenye karatasi.

Na msije mkaniambia "si amekiri mwenyewe". Amekiri nini? Kuchukua si kuiba. Wizi kisheria unataka mtu awe amechukua kwa nia ya udanganyifu na bila ya kuamini kwa dhati kwamba ana haki na kile kitu. Huyu kasema kapewa, na kasema anadai. Hapo kakana kosa lenyewe! Mshtakiwa akijibu hivyo, hakimu anatakiwa aandike kwamba amekataa shitaka, mashahidi waitwe, daftari la pishi liletwe, na huyo mtoto wa mwenye shamba aje aseme alimpa au hakumpa.

Wala haya sikuyatunga mimi. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka leo: mshtakiwa aelezwe kosa na kila kipengele chake kwa lugha anayoifahamu, anachojibu kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe, karibu kabisa na alivyotamka, mwendesha mashtaka aeleze ukweli wa tukio, mshtakiwa aulizwe kama anakubaliana nao au ana la kupinga. Akileta jambo linalotia shaka kukiri kwake, kukiri kunafutwa na kesi inasikilizwa. Hatua hizo zote zingetimia mimi nikiwa nimekwenda kununua chupa ya maji?

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, na kwamba mshtakiwa asitendewe kama mkosa mpaka ithibitike. Na hata bila ya Katiba, sisi ni watu wa chuo cha Kurani, haya tumesomeshwa tungali wadogo. Mtume (S.A.W.) alipompeleka Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi alimwambia asihukumu baina ya watu wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mdogo wangu ndiye wa pili. Nani kamsikia?

Wazee wetu wanazikumbuka mahakama za wananchi, zile ambazo wakili alikuwa haruhusiwi kuingia. Kesi ya uhaini iliyofuata baada ya kuuliwa Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Aprili 1972, washtakiwa hawakuwa na mawakili wao. Mwanasheria Mkuu ndiye aliyewashtaki na ndiye huyo huyo aliyewasimamia upande wa utetezi. Tunayasimulia hayo barazani kama mambo yaliyopita. Leo wakili hakatazwi kuingia, lakini kwa mtoto wa mchuma karafuu asiyekuwa na senti, tofauti iko wapi? Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018, tuna wasaidizi wa sheria kwenye shehia, Mungu awalipe, ila wao hawasimami kumtetea mtu kizimbani.

Mtasema kuna rufaa. Hapa ndipo hasira zangu zinapozidi. Rufaa inataka nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Nimefuatilia mara nne. Mara ya kwanza haujachapwa. Mara ya pili mchapaji kasafiri. Mara ya tatu umechapwa, hakimu hajausahihisha. Mara ya nne jalada limo ofisini kwake na yeye yuko semina. Kurasa zisizofika tano! Kifungo ni miezi sita. Wakikawia hivi, majaji wa Mahakama Kuu watakuja kumwambia hakuwa na hatia wakati keshatoka zamani, kazi hana, na kijijini wanamwita mwizi wa karafuu.

Najua wapo waliokaa zaidi. Wale watu 18 wa chama cha CUF, wa kesi nyengine ya uhaini, wengine wao tangu mwishoni mwa 1997, walikaa ndani mpaka Novemba 2000, mwezi ule ule ambao Mahakama ya Rufani ilisema kosa hilo dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar haliwezi kuwepo kwa sababu dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Miaka mitatu kwa kosa ambalo halipo. Lakini wale walikuwa na mawakili, na dunia ilikuwa ikiwatazama. Huyu anatazamwa na mama yake tu, anayekwenda na kikapu cha mihogo siku za kutembelewa na kurudi hasemi na mtu.

Nataka msaada, sitaki pole. Aliyewahi kupeleka ilani ya rufaa (taarifa ya kutaka kukata rufaa) kabla ya kupata mwenendo aniambie alifanyaje na alipokewa vipi. Anayemjua wakili aliyepo Pemba anayechukua kesi za msaada wa kisheria aniandikie faragha. Na ikiwa jibu la ndugu yako nalo lilikatwa hivi, andika hapa alisema nini na kiliandikwa nini, bila ya kutaja majina wala mahakama.

Leo ni siku ya 24. Jumatatu narudi kwa yule karani, mara ya tano.