Muhula mmoja wa kubadilishana: Makerere, Nairobi au Köln? Naomba ulinganisho

BintiWaSoweto (Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya maendeleo ya jamii katika chuo kimoja hapa Moshi, na nimeambiwa kwamba mwaka ujao wa masomo ninaweza kusoma muhula mmoja nje ya nchi. Nafasi zenye makubaliano ni mbili: Chuo Kikuu cha Makerere, ambako sitalipa ada ya kule lakini nitajigharamia kula na kulala, na Chuo Kikuu cha Köln nchini Ujerumani, ambacho kinakuja na posho ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Njia ya tatu ni kuomba mwenyewe Chuo Kikuu cha Nairobi kama mwanafunzi mgeni anayelipa, na hiyo ndiyo baba anayoipenda kwa sababu ninaweza kurudi nyumbani ikibidi. Vyote vitatu ni vyuo vikubwa vya umma, ilhali mimi nimezoea darasa ambalo mhadhiri anatujua kwa majina. Nisaidieni kulinganisha, hasa kwa upande wa masomo kutambuliwa nikirudi, kwa maana sitaki kuongeza mwaka.

Msafiri_Namanga (Arusha)

Dada, mzee ana hoja. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni takriban kilomita 270, basi la asubuhi linakufikisha mchana, na Mtanzania hahitaji viza. Hata hivyo usidhani kwamba Nairobi ni chuo chenye geti moja. Sayansi wako Chiromo, biashara wako Lower Kabete, ualimu wako Kikuyu, kwa hiyo kabla ya kulipia chumba hakikisha masomo yako yanafundishiwa kampasi gani, la sivyo nusu ya siku itaishia kwenye matatu. Udhaifu mkubwa ni fedha: ukiingia bila makubaliano unalipa ada kule, na huenda ukaendelea kudaiwa hapa ili usajili wako usikatike.

Kikoni_Kibosho (Moshi)

Mimi nilisoma Makerere shahada nzima, kwa hiyo nitaitetea, ila si kwa upofu. Makerere ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, na kati ya 1963 na 1970 ilikuwa pamoja na Nairobi na Dar es Salaam chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ndiyo maana mfumo wake hautakuwa mgeni kwako: kuna kazi za darasani, kuna majaribio, na mtihani wa mwisho wenye uzito mkubwa zaidi. Wanafunzi ni zaidi ya 30,000, na katika masomo ya lazima unawahi mapema ama unaandika ukiwa umesimama. Hosteli binafsi za Kikoni na Wandegeya hulipwa kwa muhula, si kwa mwezi, jambo linalomaanisha kwamba unahitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja mwanzoni.

Jambo la kuangalia sana ni alama. Katika vyuo vyetu vingi alama 70 ni A, lakini Makerere A huanzia 80, na 70 ni B. Mwanafunzi akirudi na B yake aliyoipata kwa alama 72, halafu karani akahamisha herufi badala ya alama, GPA inashuka pasipo kosa lake. Ombeni makubaliano ya maandishi kwamba kinachohamishwa ni alama zenyewe, au masomo yaandikwe tu kuwa amefaulu.

MwlKaloleni (Arusha)

Nimeshughulika na karatasi za wanafunzi wa kubadilishana kwa muda, na ninaona mnalinganisha umbali na hosteli kabla ya kulinganisha kalenda. Hapa kwetu muhula wa kwanza kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Februari au Machi, kisha wa pili unaendelea hadi Julai, na baada ya hapo wanafunzi wa mwaka wa pili huenda mafunzo kwa vitendo. Makerere muhula wa kwanza huanza Agosti na kumalizika Desemba, na wa pili huanza Januari hadi Mei. Mdogo wangu, ukienda Agosti unaacha mafunzo kwa vitendo katikati. Ukienda Januari unakosa mitihani yako ya muhula wa kwanza na ukirudi unaingia katikati ya muhula wa pili. Chuo kilicho karibu kwa basi ndicho kilicho mbali kwa kalenda.

Ujerumani mambo ni tofauti. Muhula wa baridi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, na mihadhara yenyewe huanza katikati ya Oktoba na kwisha mapema Februari, kwa hiyo unamaliza mafunzo kwa vitendo, unapanda ndege, na unarudi karibu na mwanzo wa muhula wetu wa pili. Muhula wa kiangazi nao huanza Aprili, na mihadhara huenda hadi Julai. Si ulinganifu kamili, lakini kwa mtu asiyetaka kuongeza mwaka ni bora kuliko chaguo lolote lililotajwa hapa.

Kuhusu krediti: mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu ni krediti 120 kwa mwaka, yaani takriban 60 kwa muhula. Ulaya mwaka mzima ni krediti 60 za ECTS, yaani mfumo wao wa krediti, na muhula ni 30. Hivyo krediti moja ya kule ni sawa na mbili za hapa.

Njiro_Hesabu (Arusha)

Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, wakati krediti yetu ni saa 10. Kwa hesabu ya saa, moja ya kule ni sawa na mbili na nusu au tatu za hapa. Kwa nini mwanafunzi apunjwe?

MwlKaloleni (Arusha)

Hesabu yako ni sahihi kwa saa, lakini bodi za mitihani hulinganisha mzigo wa mwaka, si saa, kwa sababu mwaka ni mwaka kokote. Ukidai tatu, muhula mmoja wa Köln utakuwa krediti 90 za hapa, na hakuna seneti itakayokubali kwamba mtu alisoma robo tatu ya mwaka katika miezi mitano. Dai mbili, upate zote.

RauHadiRhein (Moshi)

Nilikuwa Köln kwa mpango huo huo. Faida naijua na machungu nayajua.

Kwanza lugha. Shahada ya kwanza kule hufundishwa zaidi kwa Kijerumani, na masomo ya Kiingereza yapo lakini hayajai mkono katika kila kitivo. Kabla ya kusaini mkataba wa masomo, tafuta orodha ya masomo ya Kiingereza ya muhula husika, si ya mwaka jana, uone kama zinafika krediti 30 zinazofanana na za kwako. Mwenzangu mmoja alifika akakuta masomo mawili hayafundishwi muhula huo, akajazia na kozi ya lugha ambayo nyumbani haikuhesabiwa.

Pili, kwa wanaotoka vyuo vidogo, hakuna atakayekufuata. Darasa la mihadhara linaweza kuwa na watu mamia, mahudhurio mara nyingi hayaandikwi, na somo zima linaweza kuamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, hakuna kazi za darasani za kukuokoa. Zaidi ya hapo, kujisajili kwenye somo si kujisajili kwenye mtihani. Ni vitu viwili, kila kimoja kina tarehe yake kwenye mfumo wa chuo, na ukipitwa na tarehe ya mtihani unaweza kuwa umesoma muhula mzima na usiwe na matokeo. Masomo mengi yana mitihani miwili, wa kwanza mwishoni mwa mihadhara na wa pili baadaye hadi Machi. Chagua wa kwanza, ili uwahi kurudi.

Alama zao pia huenda kinyume. Moja nukta sifuri ndiyo ya juu kabisa, nne ndiyo ya mwisho ya kufaulu, tano umeanguka. Mtu mwenye 1.7 amefanya vizuri sana, na mjomba wake hapa Rau atakuwa anampa pole.

Tatu, fedha. Posho ya Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu ni kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na nchi unayoenda, na nauli ina fungu lake, lakini mara nyingi sehemu ya mwisho hulipwa baadaye. Unapofika unadaiwa amana ya chumba, bima ya afya, mchango wa muhula ambao kwa bahati nzuri hujumuisha tiketi ya usafiri, na ndani ya wiki mbili unatakiwa kujiandikisha anwani yako ofisi ya jiji. Kuna pia ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo; mkipanga pamoja mnagawana.

Lemara2003

Mbona hakuna aliyetaja Marekani? Vyuo vya umma vya kule ndivyo vikubwa hasa.

MwlKaloleni (Arusha)

Kwa sababu aliyeuliza ana nafasi mbili zenye makubaliano na ya tatu ya kuomba mwenyewe, na Marekani haimo.

BintiWaSoweto (Moshi)

Nawashukuru sana. Sikuwa nimefikiria kalenda hata kidogo. Nilidhani Makerere ni ya salama kwa kuwa ni karibu. Nimebaki na swali moja. Ninapata mkopo wa Bodi, na fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Je, nikienda nje bumu linasimama?

Kikoni_Kibosho (Moshi)

Dada, hilo lifanye kabla ya pasipoti. Mkopo unafuata usajili wako hapa nyumbani. Hakikisha chuo hakikuandiki kuwa umeahirisha masomo, bali kuwa uko katika muhula wa kubadilishana na umesajiliwa, na barua hiyo imfikie afisa mikopo kabla hujaondoka, kwa sababu kusaini fedha za mkopo ukiwa mbali bila mtu wa kukufuatilia ni usumbufu.

MwlKaloleni (Arusha)

Ongeza barua ya pili: bodi ya mitihani ya idara yako iidhinishe orodha ya masomo ya Köln na masomo ya hapa yanayofidiwa, somo kwa somo, ikiwa na saini na muhuri. Orodha ikibadilika kule, tuma mabadiliko mara moja yaidhinishwe upya. Na kama masomo ya Kiingereza hayafiki krediti 30, usilazimishe. Mwombe mratibu wako akuangalizie muhula wa kiangazi wa mwaka huo huo, ambao orodha yake huwa tofauti.