Mji wa Muscatine, Iowa, ulianzaje?

MamaNeema
Wadau, habari za leo. Mwanangu anasoma Iowa, Marekani, na ametuma picha ya ganda la kome lenye matundu ya duara yaliyokatwa sawasawa. Ameliokota ukingoni mwa mto Mississippi, kwenye mji wa Muscatine. Ninavyojua miji ya mto ule ilikua kwa pamba. Huu wa watu elfu ishirini na kitu ulitokana na nini? Na matundu hayo ni ya nini?

FundiSele
Mama Neema, salaam. Matundu hayo yalitoa vifungo vya shati. Mimi ni fundi cherehani, kazi nilijifunzia Mwanza, sasa nashona huku Iowa, na mashati ya zamani ninayoletewa kurekebisha ndiyo yaliyonifanya niufuatilie mji huo. Kifungo cha kome ukikigusisha shavuni utasikia ubaridi, cha plastiki hakina.

Pamba ilikuwa kusini. Muscatine ulianza na kuni. Baada ya vita vya 1832 vya Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, serikali iliwanyang'anya Wasauk na Wameskwaki, wenyeji wa asili wa huko, ardhi ya magharibi ya mto, walowezi wakavuka. Meli za mvuke zilichoma kuni nyingi mno, kwa hiyo James Casey akarundika kuni pale mto unapopinda akawauzia manahodha. Watu wakapaita Rundo la Kuni la Casey. Baadaye pakaitwa Bloomington, na 1849 pakawa Muscatine, maana akina Bloomington walikuwa wengi na barua zikichanganywa.

Mbao zikafuata: magogo ya misonobari yaliteremshwa kwa chelezo kutoka kaskazini, yakapasuliwa hapo.

Halafu akaja John Boepple, fundi wa vifungo kutoka Ujerumani. Aliingia Marekani 1887. Ushuru wa 1890 ulipopandisha bei ya vifungo vya nje, yeye akafungua karakana Muscatine 1891, kwa kuwa kome walijaa mtoni. Kufikia 1905 mji ulitoa vifungo bilioni 1.5 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya vifungo vya dunia nzima!

Wavuvi waliburuta chuma chenye kulabu nyingi chini ya mto. Kome aliyekaa wazi akiguswa hujifunga, anaing'ang'ania kulabu mwenyewe. Wakawachemsha ili wafunguke, nyama ikatoka, maganda yakalowekwa, kisha msumeno wa duara kama bomba ukakata vipande kimoja kimoja. Vikasagwa, vikatobolewa, vikang'arishwa. Akina mama na watoto walivishonea kwenye kadi nyumbani. Ujira ulikuwa mdogo na vumbi la maganda liliingia vifuani; 1911 wafanyakazi waligoma na jimbo likapeleka askari. Kila nikibadilisha kifungo cha namna hiyo nawakumbuka watu hao, kwa sababu kazi yao ilikuwa safi kweli.

Kigoma_Juma
Fundi, ahsante. Watu weusi hawakuwepo kwenye historia hiyo?

FundiSele
Walikuwepo, ndugu Juma, tangu mwanzo. Alexander Clark alifika 1842 akiwa kijana, akawa kinyozi, na akajijenga kwa kuuzia meli kuni zile zile. Mwaka 1867 shule ilimkataa binti yake Susan kwa rangi yake, akashitaki. Mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa iliamua kwamba mtoto hawezi kupelekwa shule ya kando kwa sababu ya rangi. Hii ni miaka 86 kabla ya uamuzi wa 1954 ambao kila mtu anautaja, ule wa Mahakama Kuu ya Marekani uliokataza kutenganisha shule kwa rangi! Mimi namweka Clark mbele ya Boepple katika kuujenga mji ule. Alipelekwa Liberia kuwa mwakilishi wa Marekani, akafia Monrovia 1891, akazikwa Muscatine.

MamaNeema
Nimefurahi sana. Sasa kome waliisha?

FundiSele
Walivuliwa kupita kiasi, mama. Serikali ikaweka kituo Fairport, karibu na hapo, kuwazalisha upya, na Boepple mwenyewe akafanya kazi huko. Alijikata mguu kwa ganda la kome, jeraha likatia sumu kwenye damu, akafa 1912. Baadaye uchafu wa mto uliongezeka, plastiki ikaingia sokoni, na karakana za maganda zikafungwa. Mji ulisalimika kwa kuwa haukutegemea vifungo peke yake: kampuni ya vyakula ya Heinz ilikuwa na kiwanda hapo tangu miaka ya 1890, ikisindika mazao ya mashamba ya jirani.

Mwambie kijana aende kwenye makumbusho ya vifungo, yapo mjini hapo hapo, ataona misumeno na kadi zenyewe. Kome aliye hai asimguse, maana aina kadhaa zinalindwa na sheria.