Wanywaji wa "kidogo tu", tupeane uzoefu: mwili unasemaje?

Glasi Moja: Wakuu, nina miaka 46. Kwa miaka kumi na ushee napiga glasi moja ya mvinyo mwekundu kila jioni, nikiamini nalinda moyo. Juzi presha imesoma 148 kwa 94. Daktari kaniambia nikaipime hiyo glasi. Nimejaza maji mpaka ninapoishiaga, nikamimina kwenye kikombe cha vipimo: mililita 280! Kumbe "moja" yangu ni karibu mbili. Mnaokunywa kistaarabu, mmeona nini?

Jicho Kavu: Mimi ni usingizi. Bia mbili nazima kama mshumaa, saa tisa usiku niko macho, moyo unadunda. Nikasingizia umri. Nimepumzika wiki tatu, nalala mpaka kunakucha. Sijaokoka lakini, Jumamosi nipo.

Mjukuu: Babu alikunywa kila siku, kafa na miaka 91. Endeleeni na vikombe vyenu.

Msema Pole: Kila mtu ana babu wa hivyo. Mimi nina baba mdogo. Ndugu humtolea mfano: "Huyu hanywi, na hospitali haimwishi." Kweli hagusi hata tone. Wanachosahau ni kwamba alikunywa sana miaka 20, akaacha ini lilipogoma. Leo ukimpa dodoso anajaza "sinywi". Tafiti nyingi za zamani ziliwaweka watu kama yeye kapu moja na wasiowahi kuonja, basi mnywaji wa kiasi akaonekana mzima kuliko wote. Na huyo wa kiasi mara nyingi ana kipato kizuri na anafanya mazoezi. Ukiwachambua vizuri, ile faida inasinyaa, pengine inapotea kabisa. Pombe yenyewe imeorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani tangu 1988, na 2023 WHO wakasema hakuna kiasi kisicho na hatari.

Binti wa Kwanza: Mama aliugua saratani ya titi. Nikaambiwa hata glasi moja kwa siku inaongeza hatari kidogo. Kidogo kwa nani? Nimeshuka mpaka mbili kwa wiki, ndicho kiwango cha hatari ndogo kwenye mwongozo wa Kanada wa 2023.

Glasi Moja: Asanteni. Leo nimepima mililita 120, mke wangu kauliza kama naonja dawa. Presha narudia mwezi ujao, nitaleta mrejesho. Mjukuu, babu alikuwa na ndugu wanaokunywa naye?

Mjukuu: Wawili. Hakuna aliyefika 60.