Swali: kujenga nyumba za kupangisha Lubumbashi, hatari yake inapimwaje?

Kutoka Liège

Wakubwa na wadogo, jambo yenu. Bosi wangu, Mbelgiji, anataka tuchange pesa tujenge nyumba za kupangisha Lubumbashi, mtaa wa Golf. Kila tukikutana ananiuliza kama vita ya Goma itafika huko. Nimjibu nini?

Kutoka Lubumbashi

Mdogo wangu, Goma ni mbali sana na sisi, mwambie hivyo. Ila asishangilie. Huku mtu anaweza kufilisika kwa karatasi iliyosainiwa Kinshasa. Februari 2025, mwezi uleule Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, serikali ilisimamisha kobalti, madini ya betri, kwenda nje kwa miezi minne. Juni wakaongeza mitatu. Oktoba wakaja na kwota, yaani kikomo cha kiasi cha kutoa nje.

Wapangaji wa Golf ni nani? Mainjinia wa migodi, wakandarasi, watu wa malori. Mgodi ukipunguza kazi, mzungu anapanda ndege na nyumba inabaki na mlinzi, na mshahara wa mlinzi unaulipa wewe. Basi bosi wako aulize kodi yake inatoka kwenye mfuko gani, na mfuko huo nani anaweza kuufunga. Kampuni kubwa za migodi zenyewe zilidhani zina ahadi ya miaka kumi bila kuguswa na sheria mpya. Sheria ya madini ya 2018 ikaifuta, na kobalti ikapandishwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo inayolipwa serikali, hadi 10%.

Halafu wewe. Usinikasirikie: ulishachukua uraia wa Ubelgiji? Katiba, kifungu cha 10, haikubali uraia wa Kongo ukae pamoja na mwingine. Ardhi yote ni ya serikali. Mkongomani anaweza kupewa haki isiyo na mwisho, mgeni anapewa miaka 25, inaongezeka akiomba. Najua mtakavyofanya, mtaandika jina la kaka. Kaka akifa, mjane wake na watoto wake hawajui habari za Liège. Hatari hiyo bosi wako hataikuta kwenye ripoti yoyote.

Kutoka Bruxelles (mtu wa Goma)

Yaya wa Lubumbashi amesema yote, naongeza la benki. M23 ilipoingia Goma Januari 2025, benki zilifunga. Nyumba zipo, wapangaji wapo, pesa iliyokuwa kwenye akaunti haitoki. Kwa hiyo kodi yenu isilale Kongo muda mrefu.

Bima ipo: MIGA ya Benki ya Dunia, na ATIDI ya Nairobi. MIGA wanakinga mambo kama kunyang'anywa mali, kuzuiwa kuhamisha pesa, vita na fujo, serikali kuvunja mkataba. Kwa nyumba tatu sijui kama itawalipa, lakini bosi aulize bei kabla ya kumwaga zege, maana wanataka mradi mpya.

Kutoka Liège

Asanteni sana. Uraia nilishachukua, yaya. Basi tukipanga kwanza nyumba ya mtu halafu sisi tuipangishe kwa kampuni, mwenye nyumba wa Golf anadai garansi, pesa ya dhamana, ya miezi mingapi siku hizi?