Tiketi ya treni iliyomo kwenye kifurushi cha likizo Uingereza: tunaweza kushuka njiani?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi:

Ndugu zangu, nawasalimu. Binti yetu anayefanya kazi London ametununulia mimi na mama yake kifurushi cha likizo kwa ajili ya ziara yetu ijayo: malazi ya siku mbili katika mji wa Bath, pamoja na treni ya kwenda na kurudi kutoka kituo cha Paddington. Ametutumia nakala kwa simu, nami nimeona kwamba kila tiketi imeandikwa Advance, ikifuatiwa na tarehe, saa ya treni, behewa na namba za viti vyetu. Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma katika mji wa Reading, na ratiba inaonesha kwamba treni hiyo hiyo husimama hapo kabla ya kufika Bath. Nilikusudia tushuke, tukae naye hadi alasiri, kisha tuendelee kwa treni nyingine, kwa kuwa hapa kwetu aliyekata tiketi ya basi hadi Dar es Salaam akiamua kuishia Shinyanga hakuna anayemuuliza. Binti anasema haiwezekani. Karatasi ya kifurushi haisaidii, maana imeandika tu kwamba usafiri wa treni umejumuishwa. Naomba mwenye ufahamu anieleze kizuizi hiki kimetoka wapi na kama kuna njia halali ya kumwona kijana wetu, kwani sipendi kubishana na wakaguzi ugenini.

Wakala wa Safari, Kirumba:

Shikamoo Mwalimu. Binti yako yuko sahihi, na kizuizi kinatokana na aina ya tiketi iliyowekwa ndani ya kifurushi. Kwa safari ndefu, reli za Uingereza huuza tiketi za aina kuu tatu. Anytime hukubalika katika treni yoyote ya siku husika na ndiyo ghali kuliko zote. Off-Peak hukubalika katika treni nyingi isipokuwa zile za saa za msongamano. Na Advance, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu, hufungwa kwenye treni ile moja iliyoandikwa, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Mwenye Advance haruhusiwi kuanzia safari kituo cha katikati, kuishia njiani, wala kukatisha safari na kuendelea baadaye, isipokuwa pale tu anapobadilisha treni kwa mujibu wa ratiba ya tiketi yenyewe. Mkishuka Reading mtakuta mageti yanayosoma tiketi, na hata kama mtaruhusiwa kutoka, katika treni ya alasiri mtahesabiwa kuwa wasafiri wasio na tiketi halali ya treni hiyo, na mkaguzi anaweza kuwataka mnunue nyingine kwa nauli ya siku hiyo, ambayo mara nyingi huizidi sana ile ya kununua mapema.

Waandaaji wa vifurushi hupendelea Advance kwa sababu huwawezesha kutaja bei moja iliyo nafuu ya hoteli na treni kwa pamoja. Hilo si kosa. Linaloniudhi, kama mtu ninayeuza safari kila siku, ni muuzaji kuandika kwamba treni imejumuishwa na kunyamaza, ilhali neno moja tu, jina la aina ya tiketi, lingemwezesha mteja kupanga safari yake sawasawa. Kila anayetaka kununua kifurushi cha namna hii aulize neno hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu njia halali: binti anaweza kumwandikia muuzaji akiomba mpewe Off-Peak na kulipa tofauti. Tiketi hiyo kwa kawaida huruhusu kukatisha safari, ingawa baadhi zina masharti yake, hivyo aombe jibu la maandishi linaloitaja Reading. Advance nayo inaweza kubadilishwa iwe ya treni nyingine kabla ile ya kwanza haijaondoka, kwa ada pamoja na tofauti ya nauli, lakini kupitia aliyeiuza, na bado haitawaruhusu kushuka njiani. Msiende kuomba mabadiliko kwenye dirisha la tiketi Paddington, kwa maana watawarudisha kwa muuzaji.

Dada wa Ilemela:

Shikamoo Mwalimu. Nami niliishi huko kwa muda, na ningependa uangalie tarehe. Je, treni ya Bath ni ya siku ile ile mtakayotua? Ikiwa tiketi za ndege mmezikata kwa wakala mwingine hapa Mwanza, na ndege ikachelewa, Advance yenu itapotea na hakuna atakayewajibika. Masharti ya reli humlinda msafiri anayekosa treni ya pili kwa sababu treni ya kwanza imechelewa, lakini ndege haihesabiwi kuwa sehemu ya safari ya reli. Ingekuwa ndege na treni zimo ndani ya kifurushi kimoja, mwandaaji ndiye angebeba mzigo huo.

Mwulize binti pia kama alitumia kadi ya punguzo ya wazee wa miaka 60 na zaidi, ambayo hupunguza theluthi moja ya nauli nyingi. Kama aliitumia, ni lazima muwe nayo safarini, vinginevyo tiketi zilizopunguzwa bei hazitakubaliwa. Tiketi zenyewe zihifadhini kwenye simu mkiwa bado na intaneti ya nyumbani kwa binti.

Msomaji wa Mikataba, Capripoint:

Naongezea upande wa sheria. Kwa kuwa kifurushi kimenunuliwa Uingereza, kinaongozwa na kanuni za nchi hiyo za mwaka 2018 kuhusu vifurushi vya safari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Usafiri na malazi vikiuzwa pamoja kwa safari moja yenye kulala, hicho ni kifurushi, na mwandaaji anawajibika kwa huduma zote zilizomo, hata zile zinazotolewa na wengine. Kwa hiyo treni yenu ikifutwa, pamoja na kwamba kampuni ya reli nayo ina wajibu wake, mnayo haki ya kumwendea mwandaaji moja kwa moja. Kanuni hizo pia zinamruhusu msafiri kumwachia mtu mwingine nafasi yake, mradi atoe taarifa angalau siku 7 kabla na gharama za kubadilisha zilipwe. Hata hivyo, hazigeuzi Advance kuwa tiketi huru, na mteja aliyebadili nia mwenyewe hana dai la kurejeshewa nauli.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi:

Marahaba wanangu, na ahsanteni sana. Dada wa Ilemela, tutakuwa tumekwisha kulala London kwa muda kabla ya siku ya Bath, kwa hiyo la ndege halitatusumbua, na la kadi nitamwuliza binti leo. Nimebakiwa na jambo moja. Kama muuzaji atakataa kubadilisha, je, tunaweza kuiacha treni ya kurudi, tukanunua tiketi nyingine kutoka Bath hadi Reading, bila kuathiri tiketi ya kwenda?

Wakala wa Safari, Kirumba:

Mnaweza, Mwalimu. Advance huuzwa kwa kila upande peke yake, hivyo kutotumia ya kurudi hakuiharibu ya kwenda ambayo mtakuwa mmekwisha kuitumia. Ila nauli ya ile mtakayoiacha hairudi, na kutoka Reading hadi Paddington mtahitaji tiketi nyingine tena. Kwa maoni yangu ni nafuu kuiacha safari ya Bath kama ilivyo, kisha siku nyingine, baada ya msongamano wa asubuhi kupungua, mkate Off-Peak ya kwenda na kurudi kati ya London na Reading. Treni za haraka hutumia takriban nusu saa na ni nyingi kwa siku nzima, kwa hiyo mtakaa na kijana kadiri mtakavyo, mradi tu mkwepe treni za saa za msongamano wa jioni iwapo tiketi hiyo inazikataza.