Saa ya Zuhura

Bibi: Wanangu, hamjambo. Jana Zuhura alikuwa akiruka kamba uani, nikaitupia jicho ile saa ya mkononi mwake nikaona imeandika mapigo ya moyo 212 kwa dakika. Nilimkalisha mkekani papo hapo na sikumruhusu kuinuka mpaka magharibi. Mtoto aliyezaliwa na tundu la moyo aachwe afike huko?

Mama Zuhura: Shikamoo, Mama, na pole kwa hofu. Niliporudi nilikuta mkanda umefungwa tundu la mwisho na bado unazunguka mkononi kama bangili.

Shangazi Rehema: Shikamoo, Mama. Saa hiyo humulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma mwanga unavyorudi damu inapopita. Mkanda ukilegea huku mtoto anaruka, inaweza kuhesabu mtikisiko wa mkono ikadhani ni mapigo. Mkiona namba ya ajabu, msimamisheni, kazeni mkanda, kisha hesabuni wenyewe shingoni kwa sekunde 30 na mzidishe mara 2.

Mama Zuhura: Leo nimefanya hivyo, Wifi. Saa ilishikilia 190, nami nikahesabu 63, yaani 126 kwa dakika.

Mjomba Hamadi: Mimi niliyeinunua sikukusudia iwe askari wake, nilitaka tujue anacheza kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili, lakini siku ambazo Zuhura yuko kwa Bibi hatua zake hazifiki 3,000, ilhali kwao zinapita 9,000. Mama, sikulaumu.

Bibi: Unanilaumu, Hamadi, ila umetanguliza adabu.

Shangazi Rehema: Wapo watoto wenye kasoro nzito zaidi za moyo, au waliowekewa betri ya moyo, ambao mipaka yao hupangwa na daktari wao. Huyu wetu tundu lilishazibwa, na kliniki ilimruhusu michezo yote. Mtazameni yeye kabla ya saa: midomo ikigeuka buluu, akilalamika kifua au akizirai, apelekwe hospitali hata kama saa inaonyesha 90.

Bibi: Nimeelewa. Kesho nitamrudishia kamba yake, na huo mkanda nitautoboa tundu jingine kwa sindano ya moto.

Mjomba Hamadi: Mama, ule ni mpira, utayeyuka. Jumamosi nitaleta mkanda wa kitoto.